Maji ya Fundi Saa

Mji ulipofungiwa maji, jengo letu liliendelea kuyapata. Jambo hilo lilitosha kumshtua mtu yeyote, lakini hakuna aliyeshtuka. Mama Pacha wa ghorofa ya kwanza alilisimulia kama sifa ya pampu yake.

"Pampu za wengine zinavuta hewa," alisema, amejishika kiuno mlangoni. "Yangu inavuta maji hata yasipokuwepo. Mume wangu siku ile alinunua kitu, hakununua jina."

Alijaza ndoo zake, kisha akajaza moja ya ziada na kuipandisha mwenyewe hadi kwetu, ghorofa ya tatu, kwa sababu alijua nina mgonjwa ndani.

Mgonjwa ni mdogo wangu. Mwaka uliotangulia alipandikizwa figo ya kaka yetu. Kaka akarudi kazini kwake mbali, akawa anapiga simu kila wiki na mzaha uleule: "Itunze mali yangu, sina ya akiba." Tangu hapo mdogo wangu anameza dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ngeni, na dawa hizo hufanya kazi kwa kuilaza kinga. Walinzi wakilala, hata mwizi wa kuku huhama na nyumba nzima.

Niliyajua hayo kikazi. Mimi ni mpimaji katika maabara ya hospitali, meza ya choo kikubwa. Watu huleta vikopo, nami hutazama kilichomo. Majirani waliniita Daktari. Niliwasahihisha kwa miaka, kisha nikachoka. Nyumbani nilichemsha maji ya mdogo wangu mpaka yatokote, nikayapoza yakiwa yamefunikwa, nikayatia kwenye chupa zake pekee. Hakunywa maji mengine. Lakini kikombe alichonywea kilisuuzwa kwa maji ya ndoo, na mswaki wake pia.

Nyumba iliyokuwa juu yetu, ya mwisho kabla ya paa, ilikuwa ya Fundi Saa. Alikuwa mjane, mtu wa sauti ndogo, aliyetengeneza saa za watu maisha yake yote. Alifariki kabla kiangazi hakijaanza, baada ya kuumwa tumbo kwa muda mrefu. Wanawe wawili wa kiume walianza kuigombea nyumba kaburi likiwa bado bichi. Walichokubaliana kilikuwa kimoja tu, kufuli. Mlango ufungwe, kila kitu kibaki kilivyo, asiingie mtu mpaka waingie wote kwa pamoja. Ufunguo akapewa dada yao, kwa kuwa yeye hakuwa akidai chochote.

Na ndani ya nyumba hiyo iliyofungwa, mtu alikuwa akioga.

Hivyo ndivyo ngazi nzima ilivyosema, na siwezi kusema walisikia vibaya. Siku ambazo mji ulifunguliwa maji, yalisikika yakipita ukutani hadi juu, kisha, baada ya kimya kirefu, yakichuruzika kwenye bomba la maji machafu kama ya mtu anayemaliza kuoga. Siku za ukame sauti ilikuwa nyingine: mfyonzo mrefu ndani ya ukuta, kama wa mzee anayekunywa chai ya moto, na mwisho wake mkoromo. Mdogo wangu, aliyeshinda nyumbani, aliisikia kuliko sote.

"Dada, mzee ana kiu leo."

"Ni mabomba."

"Najua ni mabomba. Nasema tu ana kiu."

Siku moja alinionyesha kiganja chake. Alikuwa amefungua koki ya jikoni kuona kama maji yamekuja. Hayakuja. Akauweka mkono chini ya mdomo wa koki, na koki ikauvuta.

"Imeninyonya," alisema, nusu akicheka. Kwenye kiganja palikuwa na alama ya duara, nyekundu. Nilisema ni hewa. Nilikuwa sahihi, lakini sikuuliza hewa hiyo ilikuwa inakwenda wapi.

Wiki hiyohiyo nilimkuta Mama Pacha kwenye benchi la nje ya maabara. Aliponiona akatumbukiza kitu kwenye mkoba haraka.

"Nimekuja kumtazama mgonjwa," alisema.

"Na kikopo nacho kimekuja kumtazama nani?"

"Usinicheke, Daktari. Wanangu wote wawili. Wanapokezana choo kama walinzi wa benki. Na mimi mwenyewe, wacha tu."

Mwisho wa benchi alikuwapo msimamizi wa jengo letu, ambaye tulimwita Serikali kwa sababu aliahidi kila kitu na kutengeneza kidogo. Alikuwa ameinama, mikono tumboni.

"Hata Serikali inaharisha," Mama Pacha alininong'oneza. "Nchi imekwisha."

Kipimo cha kawaida hakikuonyesha kitu. Tone la choo, tone la maji ya chumvi, kioo juu yake: hapo huonekana amiba, mayai ya minyoo, vitu vikubwa. Majibu yalisema hakuna kilichoonekana, wakapewa vidonge, wakaendelea kuharisha. Kuna kipimo kingine, cha kupaka rangi nyekundu na kuiosha kwa asidi, ambacho hatukifanyi mpaka daktari aombe, kwa kuwa kinachukua muda na watu ni wengi. Hakuna aliyeomba. Kisha mdogo wangu akaanza kuharisha, nikakifanya bila kuombwa.

Nilikitazama kioo chake kama ninavyovitazama vyote, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Kwenye uwanja wa kijani walikuwapo kila mahali: viduara vyekundu, vidogo kuliko chembe ya damu, kila kimoja na punje nyeusi ndani. Jina lake ni kriptosporidiamu. Ni kimelea kinachosafiri kwenye maji ndani ya ganda gumu, na klorini wanayotia kwenye maji ya mji hailivunji ganda hilo. Kuchemsha hulivunja. Mtu mzima wa afya huharisha wiki moja au mbili kisha mwili wake hukitoa. Mtu ambaye kinga yake imelazwa anaweza asikitoe kabisa.

Nilinawa mikono. Kisha nikavitoa vikopo vya majirani kwenye jokofu, nikavipaka rangi kimoja kimoja. Walikuwapo, walewale.

Mdogo wangu alilazwa siku hiyo. Daktari wa figo alinieleza mlangoni mwa wodi, bila kuzunguka. Kuharisha kunaondoa maji mwilini, na figo ya kupandikizwa haivumilii ukavu. Baya zaidi, utumbo unaoharisha unaruhusu dawa iingie kwenye damu zaidi ya inavyotakiwa, hivyo kipimo kilekile cha dawa kilichoilinda figo kinaanza kuitia sumu.

"Tutampunguzia dawa, tutamwongezea maji, tutangoja," alisema. "Lakini chanzo je? Tukimponya na kumrudisha kwenye maji yaleyale tutakuwa tunateka maji kwa pakacha. Mara ya pili figo haitapona."

"Hana pengine pa kwenda," nilisema.

"Basi tafuta chanzo."

Nilianza na mji, kwa kuwa ndio nilioushuku. Niliuliza kwenye jengo la kushoto na la kulia, yanayolishwa pamoja nasi na bomba moja la barabarani. Hakuna aliyekuwa akiumwa tumbo. Niliuliza dukani. Hakuna. Ugonjwa uliishia kwenye lango letu kana kwamba umezuiliwa na mlinzi. Kwa hiyo haukuwa wa mji. Ulikuwa ndani ya kuta zetu.

Mchana wa siku ya ukame nilisimama jikoni na kipande cha karatasi laini. Chini, pampu ya Mama Pacha ilianza kunguruma. Nikafungua koki na kuisogezea karatasi. Ikainuka yenyewe, ikajibandika kwenye mdomo wa koki na kutetemeka. Ukutani mfyonzo ukaanza. Nilifunga koki, nikashuka ngazi zote hadi langoni na kufunua kifuniko cha mita ya maji ya jengo. Mshale ulikuwa umesimama. Hakuna tone lililokuwa likiingia kutoka barabarani, na bado, kupitia dirisha la Mama Pacha, niliyasikia maji yakijaza ndoo.

Maji hayapandi bila kusukumwa na hayatokei bila kutoka mahali. Kama hayakutoka chini, yalitoka juu. Juu ya paa hapakuwa na tangi. Liliota kutu likaondolewa zamani. Palibaki pahali pamoja tu.

Niliwakuta Mama Pacha na Serikali ngazini nikawaeleza. Pampu inavuta kwenye bomba kuu la jengo. Bomba kuu likiwa tupu, inavuta chochote kilichoachwa wazi. Mahali fulani nyumbani kwa Fundi Saa kuna koki iliyo wazi, na mdomo wake umezama kwenye maji.

"Nilisema!" Mama Pacha alipiga makofi mara moja. "Nilisema mzee hajatulia. Wewe ukanicheka."

"Sikukucheka."

"Ulinitazama kisomi. Ni kulekule."

"Mlango ule una wenyewe," Serikali alisema. Alikuwa amekonda. "Nikiuvunja, wale vijana watanivunja mimi."

"Basi zimeni pampu mpaka ufunguliwe."

"Nizime," alisema Mama Pacha, "nao wanangu nitawaogesha kwa mate?"

Binti wa Fundi Saa alikuwa mwuzaji katika duka la viatu. Nilimkuta amepiga magoti, akimjaribisha mtoto kiatu cha shule, akikibonyeza kidoleni kuona nafasi. Nilingoja mpaka mtoto na mama yake waende.

"Nakujua," alisema. "Wewe ni Daktari wa chini ya baba."

"Nahitaji kuingia bafuni kwake."

"Haiwezekani. Kaka zangu wameapishana. Nikigeuza ufunguo bila wao, kila kijiko kitakachopotea ni mimi."

"Mdogo wangu yuko wodini. Watu wa jengo wanaumwa, na nadhani kinatoka kule. Bafuni mliacha nini?"

Alikuwa ameshika kiatu kimoja. Alikiweka ndani ya boksi, akakitoa, akakiweka tena.

"Mashuka," alisema.

Akafunika boksi.

"Alikuwa hawezi tena kufika chooni. Siku walipomchukua, niliyavua kitandani nikayaloweka kwenye hodhi la kuogea, nikasema jioni nitarudi niyafue. Jioni tulikuwa tunapanga mazishi. Halafu kufuli." Alinitazama. "Kila siku nayakumbuka. Naona aibu wakiingia wayakute. Baba alikuwa mtu msafi."

"Na koki?"

"Aliiacha wazi siku zote, maji yakija usiku yajijaze yenyewe. Si kila mtu hufanya hivyo?"

"Kila mtu," nilisema. Ilikuwa kweli. Hata mimi nilifanya hivyo.

Alifunga duka mapema.

Tuliingia watatu: binti, Serikali na mimi. Mama Pacha alikuja mpaka ngazi ya mwisho na kusimama hapo, upande wa kanga mdomoni, akisema anatuangalizia mlango. Ndani kulinuka joto la nyumba iliyofungwa. Saa za wateja zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na kijikaratasi cha mwenyewe. Zilikuwa zimekufa zote isipokuwa moja ya betri, iliyoendelea na kazi bila kuulizwa.

Mlango wa bafu ulikuwa umerudishwa. Binti aliusukuma kwa vidole.

Hodhi lilikuwa limejaa hadi kwenye kitundu cha juu, kile kinachopunguza maji yasifurike. Hicho ndicho kilichochuruzika siku za maji. Maji yenyewe yalionekana masafi. Uchafu ulikuwa umetua, kama ambavyo vimelea hutua, polepole, kwenda chini. Mashuka yalikuwa yamelala chini kwa urefu, yamejikunja katikati, na ningependa kuandika kwamba yalifanana na mashuka. Yalifanana na mtu aliyejifunika kichwa. Kutoka kwenye koki ulishuka mpira wa maji. Haukuishia juu ya maji. Ulikuwa umeungwa kipande kingine, umekazwa kwa waya mwembamba na utambaa uliofungwa kwa mkono wa fundi, mizunguko imepangana, na ncha yake ilizama chini kabisa ya mashuka.

"Basi tufunge twende," alisema Serikali.

Ndipo huko chini mtu nyumbani kwa Mama Pacha akawasha pampu.

Mpira ulishtuka. Kona ya shuka ilijivuta, ikainama kuelekea ncha ya mpira na kuanza kupumua, ikishikwa na kuachiwa. Maji yakaanza kushuka. Niliyatazama kwenye ukuta wa hodhi: usawa wake ukishuka uliacha ukanda wa unyevu, upana wa kidole, kisha wa kiganja. Na ukuta ukafyonza. Nikiwa hapo, karibu, haikuwa tena sauti inayofanana na ya mtu anayekunywa. Jengo letu lilikuwa linakunywa.

Serikali alirudi kinyumenyume hadi sebuleni. Binti alisema, "Baba," taratibu, kama mtu anayetaka kumwamsha bila kumkurupusha.

Nilivaa glavu, nikanyoosha mkono na kufunga koki. Mpira ukalegea. Shuka likatulia. Baada ya muda mfupi pampu ikabadili sauti, ikalia juu, kavu, na kutoka ghorofa ya kwanza mtoto akapiga kelele: "Mama! Maji yamekata!"

Ngazini Mama Pacha aliachia kanga mdomoni. Alikuwa ameelewa.

Binti alibaki ameshika kizingiti. "Kwa hiyo ni yeye," aliniambia. "Wanavyosema watu. Ni baba ndiye anayewaumiza."

"Ni vimelea."

"Vya nani?"

"Vya kwake," nilisema.

Mashuka tuliyachoma kwenye pipa nyuma ya jengo. Maji ya hodhi tuliyamwaga chooni, hodhi tukalimwagia maji yanayochemka, mpira tukaukata vipande. Kila nyumba iliacha koki wazi siku ya maji mpaka bomba kuu lijisafishe, na kwa muda wote uliofuata tulichemsha kila kitu, hata maji ya kusukutulia. Wale kaka wawili walikuja wakapiga kelele, wakakuta hakuna kijiko kilichopotea, wakanyamaza. Mama Pacha naye alimleta mtu wa kuombea ngazi, aliyesimama mbele ya kufuli na kumwomba marehemu radhi kwa niaba ya wapangaji wote. Baada ya hapo kuharisha kukapungua, kukaisha. Mama Pacha anasema ni maombi. Sijabishana naye. Siku zinamuunga mkono yeye kama zinavyoniunga mimi, na kuhusu aliyesababisha mwishowe tulikubaliana. Tulitofautiana juu ya njia tu.

Figo ilibaki. Daktari alisema imepoteza sehemu ya nguvu yake ambayo haitarudi, lakini inafanya kazi, na ikitunzwa itafanya kazi miaka mingi. Siku ya kumtoa wodini nilikuwa nimetoka kutazama kioo kingine cha mdogo wangu. Nilimkuta ameketi kitandani na begi lake miguuni, uso umebaki macho.

"Lete habari. Wapangaji wangu wamehama?"

"Bado wapo wachache."

"Watahama?"

"Huenda. Huenda wasihame. Tutapima kila mwezi."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Ananifahamu, hakuniuliza jibu zuri zaidi. Nje ya dirisha mfanyakazi wa usafi alikuwa akipiga deki varanda.

"Na kule juu mlikuta nini? Mama Pacha alikuja kunitazama, akanihadithia mpaka nesi akamtoa."

"Mashuka. Na mpira wa maji."

"Mpira!" Alicheka kidogo, akashika tumbo. "Ule mpira mrefu? Huo ni wangu."

"Wako vipi?"

"Si unakumbuka nilipotoka kupasuliwa nilikuwa silali? Maji yalikuwa yakija alfajiri yanadondoka kwenye hodhi lake, to, to, to, juu ya kichwa changu. Wewe ulikuwa zamu. Nikapanda kumwomba. Nikaona aibu, maana mwenyewe alikuwa anaumwa, anatembea ameshika ukuta. Kesho yake akaniita nikaone. Ameunga kipande, kimefika mpaka chini, maji yanaingia bila sauti. Ameufunga kwa waya wa saa, dada, vizuri huwezi kuamini. Akaniambia, 'Mwanangu, sasa lala.'" Alifuta jicho kwa ncha ya kidole. "Sikumshukuru vya kutosha."

Mpira unaoishia juu ya maji huvuta hewa. Hauwezi kuvuta kitu kingine, pampu iwe na nguvu kiasi gani. Ni jambo la kweli, na linaelezeka kwa sentensi moja.

"Mbona umenyamaza? Ule mpira ulikuwa na tatizo?"

Nilifungua chupa, nikammiminia maji kwenye kikombe, nikakitazama kwenye mwanga kabla ya kumpa, ingawa najua kwa macho matupu hakuna kinachoonekana.

"Hapana," nilisema. "Ulikuwa umefungwa vizuri."

Akapokea, akanywa yote.